Hema la Fisi Lisilo na Dirisha

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Pakawa fundi Pimbi na cherehani yake, na tumbo joto.

Pimbi alikuwa mshona mahema. Siku moja akajiwa na Fisi. Fisi kapata fahali mzima, na kule mwituni desturi ni kwamba aliyenusa nyama hukaribishwa, hata awe nani. Fisi hataki kukaribisha mtu. Akataka hema ajifungie humo na fahali wake, na masika ndiyo hayo yanaingia.

"Tone moja likinidondokea, fundi, nakutafuna. Na wanao najua wanakolala."

Pimbi roho juu. Akaleta turubai la pamba, akaeleza kuwa linazuia mvua na linapumua. Fisi akaweka mnofu nyuma ya turubai, akanusa. Nf, nf! Harufu ikapita, akalitupa. Pimbi akaleta la nailoni, akamwonya kuwa hilo halipitishi maji wala hewa. Nf, nf! Hakuna harufu. Fisi akachagua hilohilo, na dirisha akakataa.

Pimbi akashona, tak-tak-tak. Akashona, tak-tak-tak, akiwaza wanawe. Fisi akaingia na fahali, Pimbi akafunga kamba kwa nje, akaamriwa asibanduke. Mvua ikanyesha, chwaa, ikakatika. Ndani hakuna tone. Pimbi akashusha pumzi.

Jua likatoka. Fisi akahema, jasho likamtoka, mvuke ukapanda juu ukageuka maji. To! Puani.

"Limevuja! Fungua nikutafune."

Jamani! Pimbi akatazama njiani, akaona wanyama wanakwenda mtoni, Simba mbele.

"Nafungua, bwana," akasema polepole. "Ila Simba yuko hapa na wenzake, na harufu itatoka. Wewe utapata pimbi, wao watapata fahali. Nifungue?"

To! To!

"Usifungue. Wapite kwanza."

Wakapita hawa, wakaja wale. Kila mara Pimbi akauliza, kila mara Fisi akakataa, na sauti ikazidi kufifia. Alasiri hakujibu. Pimbi akafungua kwa woga. Fisi kazimia kwa joto, fahali kaliwa sikio moja tu. Harufu ikatoka, wanyama wakakaribishwa.

Fisi alipozinduka alikuta pembe tu. Pimbi na wanawe walikuwa wameshahamia majabalini, na hadi leo wako huko, wanachungulia.

Funzo, wanangu: mkinunua turubai, chagueni lisilopumua, na nyama mle peke yenu. Mkiulizwa, msinitaje.

Uzi wangu umekatika hapa. Mwenye sindano na aunge.