Mbeleko Iliyombeba Mama

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mto wake bado unapita na baridi yake ni ileile, palikuwa na kigango, kanisa dogo la Kikatoliki, huko milimani Umatengo ambako watu walimbeba Mama Maria mgongoni.

Mgongoni, ndiyo, kama mtoto. Mwezi wa Rozari sanamu ya Mama ililala kila siku nyumba nyingine, na njia za kule ni mteremko na utelezi, mkono mmoja fimbo, mwingine unatafuta majani ya kushika. Basi wanawake wakamfunga mbeleko. Na mwezi ukiisha, mbeleko ile iliyombeba Mama hupewa mwanamke mmoja, iwe yake kabisa. Hakuna kitu wanawake wa pale walichokitamani kama hicho.

Redempta aliitamani kuliko wote, au yeye aliona hivyo. Juzi tu alikuwa na sare ya shule, leo ana mtoto, Kasto, mchanga, mwepesi, anakohoa, na yeye hajui, hajui kabisa, kikohozi kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kumkimbiza zahanati. Mama yake mzazi angejua. Lakini mama alikufa kabla ya harusi, akamwachia kanga moja ya zambarau. "Hii utambebea mjukuu wangu," alimwambia. Kila alipomfunga Kasto, Redempta alinusa kwanza pindo la kanga hiyo, labda harufu ya mama bado imo. Haikuwamo. Ilinuka moshi na sabuni. Aliendelea kunusa.

Siku ya zamu yake ya kumlaza Mama, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mto ukajaa, daraja la miti likazama. Redempta akasimama ukingoni na Kasto mgongoni, wamejifunika kipande cha nailoni. Kando yake alisimama jirani yake, Bibi Gaudensia, mjane, ambaye ndiye aliyeidarizi mbeleko ya mwaka ule, macho yenyewe yamekwisha. Ng'ambo ya pili msafara ulikuja ukiimba, ukafika majini, ukasimama. Wakaita:

"Redempta! Mama atakuja kesho!"

"Kesho zamu ya wengine!" Redempta akapaza sauti. "Njooni leo, jamani, mtoto anaumwa, nimeshafagia, nimeshatandika, njooni!"

Eufrasia akatoka kundini. Huyu aliolewa siku nyingi na mgongo wake haujabeba mtoto. "Nifungeni Mama," akasema.

Wakamfunga. Mmoja akacheka: "Mwoneni alivyopendeza! Utadhani amezaa."

"Mimi nimembeba Mama wa Mungu, dada. Wewe umezaa walevi watatu. Nani mzigo wake mwepesi?" Akaingia majini.

Maji magotini. Maji kiunoni. Karibu na ukingo aliosimama Redempta jiwe likageuka, akaanguka, akadaka mzizi. Mkono mmoja mzizi, mkono mmoja nyuma, ameshika Mama.

"Fungua mbeleko, Eufrasia! Mwachie Mama, jiokoe!"

"Simwachii!"

Hapo Redempta hakufikiri. Angefikiri, asingefanya. Akamfungua Kasto, akamlaza kwenye nyasi, mvuani, akaisokota kanga ya mama yake, akaitupa mtoni. Eufrasia akauachia mzizi, akaidaka. Redempta akavuta, akavuta, na nyuma yake Kasto analia, halafu Kasto akanyamaza, na yeye hawezi kugeuka. Eufrasia akatua ukingoni, Mama mgongoni. Kanga ikateleza mikononi mwao wote wawili, ikaenda na maji, zambarau, kisha rangi ya tope, kisha haipo.

Redempta akageuka. Nyasi tupu. Akapiga ukelele.

"Nyamaza, mwanangu. Huyu hapa."

Bibi Gaudensia alikuwa amefungua blauzi yake, amemlaza Kasto kifuani, ngozi kwa ngozi, nailoni yote amemfunika mtoto. Mgongo wake mwenyewe ameiachia mvua. Kasto alikuwa amelala. Tangu siku ile Bibi akaanza kukohoa, na kikohozi chake hakikuondoka.

Mwezi ukaisha. Kanisani katekista, Mwalimu Kinunda, akaitandaza mbeleko mbele ya Mama. "Anayeitaka aseme mwenyewe," akasema.

Eufrasia akasema: "Ndimi niliyemvusha. Maji yalinitaka, sikumwachia. Naitaka ili Mungu aone kwamba pa kumfunga mtoto ninapo. Nimechoka kubeba kuni tu."

Redempta akasema: "Mimi nilimlaza mwanangu kwenye mvua, Mwalimu, sijui kama ni dhambi, sijui, bado nasikia vile alivyonyamaza. Kanga ya mama nimeitoa. Nguo ninazo, si kwamba sina nguo, ila hakuna hata moja aliyonipa mama. Sasa namtaka Mama huyu anipe."

Bibi Gaudensia akakohoa kwanza. "Niliidarizi mimi, ila siombi kwa hilo. Mtoto nilimkinga, nikapata kifua hiki, na mwezi mwingine wa Rozari sidhani nitauona. Nizikeni nayo. Nilizaa mmoja tu. Alilia mara moja, akaenda, mgongo wangu haukumjua. Nikifika huko, akininyooshea mikono, nitambeba na nini?"

Hata mama wa walevi watatu alijifuta macho. Redempta akafungua mdomo aseme, mpeni Bibi. Kasto akakohoa mikononi mwake. Mdomo ukajifunga. Akamtazama Eufrasia: naye alikuwa ameufungua wake, naye ameufunga.

Mwalimu Kinunda akaiokota mbeleko. Akamtazama Mama. Mama amenyoosha mikono yote miwili, kama kawaida yake.

Haya, mlioketi hapa, mlio na mama na mliozika mama: ingekuwa ninyi mmeishika mbeleko ile, mgongo upi mngeufunga? Je, nani aliistahili?