Anajulikana kwa Lipi

Enyi vijana wa kidato cha kwanza, tulieni. Methali mliyoisikia leo, "Ukiambiwa anajulikana, uliza kwa lipi," imerithiwa kizazi kwa kizazi tangu enzi zisizohesabika. Kwa usahihi zaidi, tangu likizo ya Aprili mwaka jana. Methali hii ilianza hivi.

Huko kwetu Lindi kuna nyumba ya wazee wasioweza kuishi peke yao. Msaidizi ndiye anayeshika ufunguo wa chumba cha mzee wake, kwa hiyo kanuni yao ni kwamba msaidizi mgeni hapewi ufunguo mpaka alete cheti cha polisi na barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Kijana mmoja, Ndembo, aliomba kazi akiwa na barua tu. Msimamizi, Bwana Mkwanda, alikuwa amepungukiwa wasaidizi. Akaisoma barua kwa sauti mbele ya Bi Somoe, bibi kipofu ambaye Ndembo angemhudumia.

"Kijana huyu anajulikana sana hapa mtaani."

Kisha akaanza kutoa ufunguo. "Cheti kitafuata," akasema.

"Anajulikana kwa lipi, mwanangu?" Bi Somoe akauliza.

"Bibi, barua ina mhuri."

"Mhuri siuoni. Kwetu hata mwizi wa kuku alijulikana sana. Huyu ndiye atakayenifungia mlango kila siku, nami hata sura yake siijui. Piga simu."

Mkwanda akapiga, huku akimtazama Ndembo kama anayemwomba radhi.

"Mwenyekiti, barua yako inasema huyu kijana anajulikana sana."

"Naam. Endelea kusoma."

"Imeishia hapo. Kuna nukta."

"Mimi sikuishia hapo. Anajulikana sana kwa kumfungia Mzee Likwata ndani siku mbili, mwenyewe akaenda Mtwara kuangalia mpira. Tulivunja mlango."

Mkwanda alipogeuka, Ndembo alikuwa ameshafika barabarani. Tangu siku hiyo, katika nyumba ile, hata fundi bomba akisifiwa wazee hujibu: ukiambiwa anajulikana, uliza kwa lipi.

Hapo nilitarajia makofi. Mmoja wenu, Chihongwe, akanyoosha mkono.

"Kaka, hiyo nukta aliiweka nani?"

Nikamwambia swali hilo haliji kwenye mtihani.

"Lakini kaka, mwenyekiti wa mtaa wenu si baba yako?"

Nikakohoa. Hakuna aliyenipa pole.

"Barua niliichapa mimi," nikasema. "Baba alinitamkia yote. Ndembo alikuwa ananiazima pikipiki yake, nikaweka nukta mapema. Bi Somoe sikumfikiria. Sikujua hata kama yupo."