Barakoa ya Msumarini

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, benchi za huku hazing'ati. Wahubiri waliosoma watakuja Jumapili nyingine na miwani yao. Leo mko na mimi, na mimi shule niliachana nayo mapema, tukiwa bado tunaheshimiana. Lakini nipeni mfano niusimulie. Hapo hata Mchungaji mwenyewe anafunga kitabu chake anasikiliza. Siyo, Mchungaji? Ameinamisha kichwa. Amekubali huyo.

Haya. Alikuwako bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga unga. Nchi gani, msiniulize, maana nikitaja wataanza kutafutana. Kijiji chake kilikuwa upande huu wa mto, na ng'ambo ya pili kulikuwa na mashine nyingine, ya mshindani wake. Kwa hiyo kila asubuhi bwana huyu alikuwa anaangalia daraja. Akiona mwanamke mwenye debe la mahindi kichwani anakata kona kwenda darajani, roho yake inachubuka kama goti la mtoto.

Basi ukaingia ule ugonjwa wa kupumua. Mnaukumbuka. Serikali haikukaa kimya, nisije nikaisingizia. Siku moja likapita gari lenye kipaza sauti: "Tangazo! Tangazo! Kila anayeingia mahali pa biashara avae barakoa! Biashara itakayokutwa na mteja ndani asiye na barakoa, itafungwa!" Gari likazunguka kijiji, mbwa wakalisindikiza, likaondoka zake. Watu wakabaki wanatazamana. Tangazo lilikuwa limefika, ila barakoa zenyewe hazikushuka kwenye lile gari.

Asubuhi yake akaja mteja wa kwanza. Mwenye mashine akasimama mlangoni kama askari wa benki.

"Dada, rudi nyumbani ukavae barakoa."

"Nikavae nini, kaka? Hiyo nguo nimeijulia wapi mimi?"

"Ni amri ya serikali."

"Sawa. Basi mwambie serikali aje asage kwako." Akajitwisha debe lake, huyoo, darajani.

Niwaulize, mngefanya nini ninyi? Msiwe wepesi kujibu. Ukimwingiza, unafungiwa. Ukimkataza, anavuka mto na hela yako inavuka naye. Na yule bwana ana watoto wanaokula kama wa kwenu.

Sasa, akili ya mfanyabiashara, wapendwa, hailali. Alikuwa na shemeji yake mjini, akamwomba barakoa, akaletewa moja. Moja. Nyeupe, ya kitambaa, ina kamba za kufunga masikioni. Akachukua nyundo, akapigilia msumari kwenye nguzo ya mlango, akaitundika pale. Na agizo lake lilikuwa fupi: "Chukua hiyo, vaa, ingia, saga, toka, mtundikie mwenzio."

Mnacheka! Mnacheka, na humu ndani wamo walioazimana barakoa kwenye geti la hospitali. Simtaji mtu. Mama mmoja hapo katikati ameacha kucheka, namwona.

Ikawa hivyo. Anaingia mama, kaivaa. Anatoka, anaitundika. Anaingia babu, kaivaa. Vumbi la unga likawa linaipaka humo ndani, kila siku inazidi kuwa nyeupe, yaani kwa macho ilikuwa inazidi kuwa safi. Na kwa kuwa barakoa ni moja, mtu haingii mpaka mwenzake atoke. Foleni ikawa nje, juani, mashine ndani ikawa na mtu mmoja mmoja kama ofisi ya mkubwa.

Akapita bwana afya na pikipiki. Hakushuka wala hakuzima. Akachungulia kutoka barabarani, akaona aliye ndani amefunika pua na mdomo vizuri kabisa.

"Aisee!" akapaza sauti juu ya mlio wa pikipiki. "Wewe hata umbali unazingatia! Huko kwingine nimekuta watu wamebanana kama dagaa. Nani kakufundisha kuingiza mmoja mmoja?"

"Ni kujituma tu, mkubwa."

"Nitakuletea wageni waje waone."

Na kweli, lile gari la kipaza sauti likarudi, safari hii linamtaja yeye. Mashine ya mfano! Wafanyabiashara wote waige! Mshindani wa ng'ambo alisikia mpaka uji ukampalia. Mwenye mashine akaanza kutembea amefungua kifua, akawa anaitikia salamu baada ya kufikiri kidogo.

Siku ya wageni ikafika. Wamekuja wakubwa kutoka wilayani, wamesimama uani na bwana afya wao, safari hii ameshuka. Mwenye mashine amevaa shati la pasi. Kwenye foleni alikuwako mzee mmoja aliyekuwa anakohoa tangu wageni hawajafika, kikohozi kile cha kuinamia magoti. Zamu yake ikafika. Akaitoa barakoa msumarini, akaivaa, akaingia, akakohoa humo humo mpaka mahindi yakaisha. Akatoka, akaitundika. Baada yake akaingia mwanamke mmoja aliyejitanda kitenge cha kijani. Akaivaa ile ile, ikiwa bado na joto la mzee. Mwenye mashine alikuwa anaona. Akamfungia kamba ya kushoto iliyokuwa inamsumbua, akamwambia, "Karibu, dada."

Yule mwanamke akasaga, akatoka na unga wake, akaitundika barakoa. Na kabla hajajitwisha, nani anaingia uani? Mama mzazi wa mwenye mashine. Bibi kizee, kifua chake kibovu cha miaka mingi, akipanda kilima unasikia filimbi ndani yake. Siku zote mwanawe alikuwa anampelekea unga nyumbani. Lakini mama amesikia jina la mwanawe linatajwa kwenye kipaza sauti. Angekaaje nyumbani? Amejitwisha beseni lake la mahindi, amekuja kusaga kwa mwanawe, aonekane.

"Hodi hapa kwa mwenye mashine ya mfano!"

Wageni wakacheka, wakampisha. "Karibu, mama, shikamoo."

"Marahaba, wanangu." Akatua beseni, akanyoosha mkono msumarini. "Ngoja na mimi nivae, nisije nikamponza mwanangu mbele ya serikali."

Mwenye mashine akaruka, akamshika mkono.

"Mama, hapana. Hiyo usivae."

"Nisivae? Si ndiyo amri?"

"Ndiyo, lakini... wewe ingia tu hivyo hivyo."

Bwana afya akakunja uso. "Bwana, aingie hivyo hivyo namna gani? Nimeleta wageni hapa! Mpe mama avae."

Akimwingiza bila kuvaa, mashine inafungwa, tena mbele ya wilaya nzima. Akimvisha, mnajua anamvisha nini. Na yeye alikuwa anajua, ndiyo maana mkono wake uliruka kabla ya akili.

"Ina unga unga, mama. Itakuchafua."

"Eti unga! Mwanangu, mimi nimefuata unga hapa." Mama akaishika kamba ya barakoa.

Uvumilivu ukamwisha. "Mama, nimesema acha! Imevaliwa na watu wote hawa! Yule mzee amekohoa humo sasa hivi, nimemwona kwa macho yangu! Unataka kufa?"

Mashine ilikuwa inanguruma tupu huko ndani. Wageni wakaitazama barakoa, bwana afya akatazama viatu vyake.

Ndipo yule mwanamke wa kitenge cha kijani, unga wake bado chini, akajifuta mdomo kwa kiganja, taratibu, akauliza. Hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Na mimi je, kaka? Si umenifungia kamba wewe mwenyewe?"

Yule bwana akawatazama wageni. Mama yake akaiachia barakoa, ikabaki inaning'inia na upepo. Akamgeukia mwanawe.

"Mjibu mwenzio," akasema. "Amekuuliza."

Hakumjibu. Yule mwanamke akangoja kidogo, kwa adabu, kisha akajitwisha unga wake akaenda zake, maana watoto walikuwa wanausubiri.

Wapendwa, mimi najua kusimulia, Mungu hakuninyima hicho, na hapa ndipo mahali ambapo watu huniuliza swali. Nimeusimulia mfano huu Kanisa la Mlimani, nimeusimulia msibani, na kila mahali swali ni lile lile. Haya, naona Baba Atupele pale dirishani mdomo unamwasha. Uliza, baba, usiogope.

Anauliza, "Mashine walifunga?"

Asante. Na wewe mama, ulikuwa unataka kuuliza nini? Bwana afya alifukuzwa? Vizuri. Na kijana wa kwaya? Mshindani wa ng'ambo alipata wateja? Asanteni sana.

Sasa nisikilizeni. Mmeuliza habari ya mashine, na mmeuliza habari ya cheo na ya soko. Mbona hakuna hata mmoja humu ndani aliyeniuliza yule mwanamke kama aliugua?

Hata pale Mlimani hakuna aliyeuliza.

Mwenye mashine tumemcheka kwa sababu alikuwa na macho mawili, moja la kumwona mama yake na jingine la kuwaona wateja. Na sisi je? Tumekaa hapa tunausikia mfano, tumelishwa habari ya mwanamke amevaa kikohozi cha mtu usoni, amekwenda nacho nyumbani kwa watoto, na roho zetu zimekimbilia kufuli la mashine. Hatukuwa wabaya. Tulikuwa tunafikiri kama ofisi inavyofikiri na kama duka linavyofikiri: limefungwa, halijafungwa, nani amepata, nani amekosa. Ofisi ina kazi yake na duka lina kazi yake, sigombani nazo. Serikali ilitaka pua zifunikwe, zikafunikwa. Mfanyabiashara alitaka wateja wasivuke mto, hawakuvuka. Kila mmoja alipata alichokitaka, na mwanamke mmoja akarudi nyumbani peke yake na debe la unga.

Tukisema sisi ni watu wa Mungu, basi yupo mtu ambaye ilitupasa kumwulizia kwanza. Magonjwa yataondoka na mengine yatakuja, na amri zake zitakuja na magari yake. Utazifuata, ni wajibu. Lakini wewe mwenye duka, mwenye hoteli, mwenye saluni, wewe unayegawa sahani hapa kanisani siku za sherehe, kitu unachompa mgeni usiyemjua ukoo, ungempa mama yako? Mkono wako unajua. Ungeruka au usingeruka?

Mimi sijui yule mwanamke alipatwa na nini. Nimeutunga mfano mwenyewe, kwa hiyo ningeweza kumponya sasa hivi mbele yenu, mkaenda nyumbani mmefurahi. Sitaki. Nataka mwende na yule mwanamke hivyo alivyo, hajulikani. Na kabla hamjafika nyumbani kufungua masufuria, kuna nyumba tatu nne hapa mtaani ambazo watu wake hatujawaona Jumapili kadhaa, na hakuna aliyepita kuwatazama.

Tuanzie kwao. Simameni tuombe, kisha twende tukabishe hodi.