Askari Aliyefukuzana na Matundu

Mtu mmoja, askari wa wanyamapori, jina lake Ndalahwa, alikabidhiwa bunduki iliyofungwa darubini mpya. Nyati dume aliyejeruhiwa na mtego alikuwa amejificha kwenye matete ya mto, na tayari alikuwa amemuua mama mmoja aliyeshuka kuchota maji. Kijiji kizima kilikuwa na kiu na hakuna aliyethubutu kushuka. Kesho yake Ndalahwa angeingia kwenye matete hayo, na nyati wa namna hiyo hampi mtu nafasi ya kujaribu tena.

Basi mchana akaenda uwanja wa shabaha kuilinganisha darubini, ili pale jicho linapoona, ndipo risasi iende. Risasi zake zilikuwa chache, na za kuongeza hazikuwepo kituoni. Askari mwenzake, Pendaeli, alimsaidia kwenda kuitazama karatasi ya shabaha kila baada ya mlio.

Risasi ya kwanza ilitoboa chini, kushoto. Ndalahwa akazungusha skrubu za darubini, akapandisha, akapeleka kulia. Ya pili ikaruka juu kabisa. Akashangaa, akashusha. Iliyofuata ikaenda pembeni, utadhani imepigwa na mtu mwingine. Akazungusha tena.

Wenzake waliokuwa wakipumzika kibandani nao wakamwongezea mzigo. Mmoja alisema ni upepo, mwingine akasema anabana pumzi vibaya, wa tatu akaapa kwamba darubini yenyewe ni mbovu. Ndalahwa alimwamini kila mmoja, na kwa kila neno alizungusha kidogo. Mtu mzima, mwenye miaka mingi porini, akawa anafukuzana na matundu ya karatasi kama anayefukuza kuku uani. Kadiri alivyorekebisha ndivyo alivyozidi kutojua lipi ni kosa la darubini na lipi ni la mkono wake. Akili ilimzunguka. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa kuwa hakujua tena ni nini hasa anachokiogopa, nyati au nafsi yake.

Pendaeli alirudi kutoka kwenye shabaha, akamkuta mkono uko kwenye skrubu tena. Akamshika kifundo cha mkono.

"Kaka, unaisahihisha kabla haijakwambia inakosea wapi. Piga mfululizo bila kugusa kitu, hata zikienda vibaya."

Neno hilo lilimuuma. Kukosea ni jambo moja. Kuona umekosea, ukauzuia mkono wako, ukakubali kukosea tena vilevile, hilo lilimshinda kulielewa. Hata hivyo alilala kifudifudi, akalenga katikati, akapiga mfululizo kama alivyoambiwa, na hakugusa kitu.

Matundu yote yalikuwa nje ya duara, juu, upande wa kulia. Lakini yalikuwa yamekaribiana kiasi cha kufunikwa na kiganja kimoja. Ndalahwa aliyatazama kwa muda mrefu. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo akaona furaha, maana kwa mara ya kwanza tangu afike pale kosa lake lilikuwa na mahali pake. Akazungusha skrubu kwa kipimo cha kosa hilo, kisha akaziacha.

Mfukoni ilibaki risasi moja tu. Alitamani mno kuipiga kwenye karatasi ili ajihakikishie. Hakuipiga, kwa sababu nyati alikuwa bado mtoni.

Asubuhi matete yalitikisika, na yule dume akatoka mbio, kichwa kimeinama. Ndalahwa hakuwa na uhakika hata wakati huo. Akalenga, akapiga. Nyati alianguka karibu na viatu vyake, na jioni hiyo wanawake waliteka maji.

Nanyi mnaougeuza moyo wenu kwa kila kosa la leo na kwa kila neno la jirani, je, mnajua mmebakiwa na risasi ngapi?