Kigae Kilichokwenda Kuomba Moto

Sogeeni, na mwenye usingizi akae mbali na moto.

Paliondokea mama mmoja, Mashavu, akilima konde jipya. Jembe likafukua vigae vya chungu cha kale. Jirani yake Mwanaidi alipokuja kuomba moto, akamtilia makaa juu ya kimoja.

Jioni zimwi likaibuka kondeni, likampakata mtoto wa Mashavu. "Niungie chungu changu, ama nammeza!"

Mashavu akaunga, akaunga, hata likabaki tundu moja. Akapekua jikoni, hakuna. Akapekua jaani, hakuna. Akapekua konde zima, hakuna. Zimwi likapanua kinywa.

"Hodi!" Mwanaidi huyo, na kigae chenye muhogo wa kuchoma. "Shoga, chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Mashavu akakinyakua, akakipachika. Chungu kikawa kizima. Muhogo akautia ndani, akalikabidhi zimwi. Likamtua mtoto, likaenda zake likitafuna. Mashavu akakaa chini, akacheka huku analia.

Asubuhi chungu kiko mlangoni, kimejaa shanga za kale. Hata zimwi halirudishi chombo kitupu.

Na wewe unayecheka, bakuli la jirani lingali kwako?