Matanga ya Mzee Mwalugha

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, hata wewe unayenisoma kwenye simu. Zimeni hiyo redio kwanza. Hili si la kusikiliza huku mnatafuna.

Huko milimani paliondokea mzee mmoja, Mwalugha. Ndiye aliyewafundisha watu wake kwamba hata mtu mnyonge ana haki, na haki hiyo haiombi, ni yake.

Chifu aliitaka chemchemi ya kijiji iwe ya ng'ombe wake. Kila akija na askari, Mwalugha aliwaambia watu, "Msishike jiwe. Kaeni njiani, nyote, wake kwa waume. Tuone atamkanyaga nani."

Walimfunga. Akitoka, anarudi kukaa pale pale. Meno ya mbele aliyaacha jela, akawa anacheka, "Afadhali, sasa nitakula uji tu."

Basi akafa.

Desturi ya kwao, matanga yakiwekwa, hakuna ugomvi. Na mjane hujifunika kanga, hasemi neno mbele ya watu mpaka matanga yaanuliwe.

Chifu akaja na fahali, magunia ya sukari na mapipa ya maji ya kutosha matanga yote. Akavua kofia. "Poleni, wafiwa. Mzee tuligombana, lakini alikuwa mwanamume. Nitaijengea chemchemi ukuta mzuri, niipe jina lake."

Watu wakampigia makofi! Wengine wakalia kwa furaha.

Mjane, Mkawasi, akafunua kanga. "Jamani, Mwalugha aliniambia—"

"Shemeji!" Mghanga, mdogo wa marehemu, akamkatiza. "Unataka kutuaibisha mbele ya wageni? Mjane hasemi."

"Neno moja tu, shemeji."

"Hata nusu." Akamfunika mwenyewe, kwa mkono wake.

Matanga yakaanuliwa. Wanawake wakajitwika ndoo, wakateremka chemchemini. Wakakuta ukuta mweupe, jina la Mwalugha limeandikwa kwa herufi kubwa, na geti lina kufuli.

"Tufungulie, baba, tuchote," wakamwambia askari.

"Hapa ni mahali pa heshima ya marehemu," akajibu. "Hapachotwi maji."

Nyuma yake, ndani, ng'ombe wa chifu walikuwa wanakunywa.

Ndipo kijiji kizima kikamkimbilia Mkawasi. Mghanga ndiye aliyeuliza. "Shemeji, siku ile ulitaka kusema nini?"

"Alisema, nikifa, msinililie nyumbani. Matanga yangu yawekwe chemchemini. Hakuna chifu anayethubutu kufukuza wafiwa. Atakuja kuongea, nanyi mmeshakaa."

"Mbona hukutuambia, mama?" mmoja akanong'ona.

"Nilipofungua mdomo mlinifunika. Na yeye jela alikwenda ili hata mimi niseme."

Mghanga alikaa chini, palepale kwenye vumbi, akalia kilio ambacho hakukilia makaburini.

Basi chifu akarithi maji. Mghanga akarithi kigoda cha kaka yake, na mpaka leo hajathubutu kukikalia. Mkawasi akarithi neno ambalo siku yake ilikwisha kupita. Na wanawake wa kijiji kile wakarithi njia ya mtoni, mbali, ndoo kichwani, wakipita kando ya jina la Mwalugha kila asubuhi.

Hadithi hii mpelekee mwenzio aliye matangani leo, naye ampelekee mwingine.

Funzo: Anayekufundisha haki hakumbukwi kwa kumjengea ukuta, bali kwa kumwachia nafasi ya kusema yule unayetaka kumnyamazisha.