Sari ya Mbeba Matofali

Mwanamke mmoja wa Bombay alikuwa na sindano, birika la chai na jiwe la kusugulia, na kwa vitu hivyo vitatu aliwapa watu maisha wasiyoyaishi. Jina lake Ratanbai. Alikuwa fundi wa mavazi ya picha za Kihindi, hizo hizo mnazozililia machozi. Akitakiwa malkia, Ratanbai alimtoa. Akitakiwa mwizi, alimtoa, na doa la mafuta kwenye kola. Miaka thelathini alikaa kiti kimoja, feni inamzungukia kichwani, na neno alilozoea kusikia ni hongera. Hongera zikizidi, mtu huacha kusikia vingine.

Ikaja picha ya mjane aliyesomesha mwanawe kwa kubeba matofali kichwani miaka ishirini. Mjane angechezwa na Devyani, nyota ambaye hata mama yake mzazi alibisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwake. Mwongozaji, Bwana Kelkar, alimwambia Ratanbai anataka sari moja tu, lakini iwe sari ambayo watu wakiiona wamjue yule mama kabla hajafungua mdomo.

Ratanbai alicheka. Alichukua pamba mpya, akailoweka kwenye chai siku mbili, akaianika juani, kisha akaisugua kwa jiwe kutoka pindo hadi pindo, mpaka ikawa laini kama ngozi ya ajuza. Akatia viraka vitatu kwa uzi wa rangi ileile, mishono midogo kama ufuta. Kila aliyeingia karakana alisema, masikini, mama huyu ameteseka. Ratanbai akaikunja, akaenda zake kula.

Picha ilipigwa kwenye tanuri la matofali la kweli, nje ya mji. Wanawake wanaobeba mizigo pale walikodiwa wapite nyuma ya nyota, wakifanya kazi yao ya kila siku. Devyani akashuka garini amevaa ile sari. Wanawake wakamwona, na bila kuambiwa na mtu wakasogea kando, wakampisha njia, kama wanavyompisha mke wa mwenye tanuri.

Bwana Kelkar akatoa jicho kwenye kamera. "Wamejua kwamba si mwenzao," alisema. "Ratanbai, naenda kupiga sehemu ya harusi mjini. Nitarudi baada ya siku sita. Nikikuta sari hii hii, atashona mwingine."

Hilo aliambiwa mbele ya watu, mtu wa miaka thelathini kazini. Akakaa juu ya rundo la matofali mabovu, sari mapajani, anaigeuza na kuigeuza, kosa halioni. Viraka vimenyooka. Rangi imepauka sawasawa. Kama angefukuzwa kwa uvivu angeelewa.

Mbebaji mmoja mzee, Jamna, ambaye baada ya miaka mingi ya kubeba sasa kazi yake ilikuwa kuwatwika wenzake, alikuja karibu kunywa maji. Akaweka kikombe chini, akaipapasa ile sari kwa vidole vyake vilivyopasuka, akaanzia sehemu ya kichwani, akaja ya begani, akamalizia ya kiunoni.

"Dada," akasema, "nguo hii imezeeka bila kufanya kazi."

Ratanbai alikuwa na jibu baya mdomoni. Lakini macho yalimwendea kwenye sari ya Jamna mwenyewe. Ilikuwa nzima karibu kote, na imekufa mahali pachache tu: utosini, inapokaa kata ya kuegemeza mzigo, ubavuni kushoto, anapofutia mkono, na kwenye ncha ya pindo, anayoiuma kwa meno vumbi likizidi. Viraka vyake vilikuwa na uzi mwekundu, uzi mweusi, uzi wowote uliopatikana, na mishono mirefu ya mtu anayeshona huku anasinzia. Ratanbai akamwambia ampe hiyo, naye atampa mbili mpya.

"Hii nimeichakaza mwenyewe," Jamna akasema. "Kachakaze yako."

Basi akaenda kuichakaza. Alikata pamba nyingine, safari hii hakuigusisha chai, akaivaa na kusimama kwenye mstari wa wabebaji. Siku ya kwanza walimcheka. "Shangazi wa sindano! Shingo hiyo umeazima kwa nani?" Siku ya pili aliangusha matofali manne, moja likamponda kidole cha mguu, na hakuna aliyempa pole, kwa kuwa pale pole haikuwa desturi. Siku ya tatu walimzoea, wakaacha kumtazama. Pamba haifi kwa siku sita, hilo alilijua, lakini ilimwonyesha njia. Kila jioni aliivua, akaangalia palipolowa jasho na palipokamata vumbi jekundu, na hapo tu ndipo alipopitisha jiwe. Siku ya tano pindo lilinasa kwenye mkokoteni likararuka. Akalishona palepale wakati wa kupumzika, kwa uzi wa kijani aliouomba kwa mwenzake, huku anasinzia kwa uchovu. Mishono ilitoka vibaya. Hakuifumua.

Bwana Kelkar aliporudi, Devyani akaivaa sari hiyo, akaenda kusimama nyuma ya wenzake. Hakuna aliyempisha. Jamna hakuinua hata macho hadi usoni pake. Alitazama nguo, akamwekea kata, akamtwika matofali sita, kisha akamsukuma bega: "Tembea, mama, unazuia watu." Devyani akayumba, akatembea. Bwana Kelkar hakusema hongera. Alisema kamera isisimame.

Ile sari ya kwanza bado imetundikwa kwenye msumari karakanani, laini, nzuri, mishono yake midogo kama ufuta, wala hakuna picha iliyowahi kuitaka.

Sasa ninyi mnaotuonyesha mvi zenu na kudai tuwasikilize: mmezipata chini ya mzigo, au mmelowekwa tu kwenye chai?